Mkaa Unaonasa Hewa ya Sumu

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya nguo. Sitasema juu ya nguo za kujisitiri wala za kuzuia baridi, bali juu ya nguo na vinyago vya kumkinga mtu na hewa ya sumu. Yamkini baadhi yenu mtasema, "Hayo ni mambo ya askari na ya vita vya Ulaya, yatuhusu nini sisi watu wa Mbeya na Iringa?" Nawaomba mnivumilie kidogo. Huko Chunya wako watu wachomao zebaki ili wapate dhahabu. Katika Ismani na Mbozi wako wakulima watiao vidonge vya sumu katika mahindi ili wadudu wasiyale. Katika Mufindi, Njombe na Makete, baridi ya Juni na Julai inapokaza, wako watu waingizao jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Watu hao wote hukutana na hewa ya sumu, na wengi hudhani ya kuwa kitambaa kilichofungwa puani kitawaokoa. Basi, ni kitambaa cha namna gani kiwezacho kumwokoa mtu, na ni cha namna gani kisichoweza? Hilo ndilo swali letu la leo.

Kwanza yatupasa kutambua tofauti iliyopo kati ya vumbi na hewa. Vumbi ni punje. Ingawa ni ndogo, ni punje za kitu kigumu, na chekeche nzuri huweza kuzizuia kama chekeche ya unga izuiavyo wishwa. Barakoa zilizovaliwa na watu wengi mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, zilifanya kazi ya namna hiyo: zilizuia matone madogo ya mate na punje zilizomo hewani. Lakini hewa ya sumu si punje. Ni chembe moja moja zinazoruka peke yake, kila moja ndogo kupita kiasi cha mtu kuweza kuifikiri.

Hebu tupime. Chukua milimita moja uigawe mafungu milioni moja. Fungu moja huitwa nanometa. Unywele wa mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Chembe nyingi za hewa hazifiki hata nanometa moja. Sasa tazama shuka ya pamba ukiielekeza kwenye jua, nawe utaona vitundu kati ya uzi na uzi. Kitundu kimoja cha namna hiyo chaweza kuwa na upana wa sehemu ya kumi ya milimita. Kama chembe ya hewa ingekuwa na upana wa mtu, yaani nusu meta, basi kitundu hicho kingekuwa lango lenye upana wa zaidi ya kilomita 100, kama kutoka Mbeya mjini mpaka Tunduma! Nani awezaye kumzuia mtu asipite katika lango la namna hiyo? Ukikunja shuka mara nne, umeweka malango manne yaliyo wazi, moja nyuma ya jingine.

Basi wenye maarifa waliona ya kuwa haifai kujaribu kuifungia hewa mlango. Yafaa kuitegea mtego ulionata, ili chembe za sumu zikipita karibu zishikwe, na hewa njema ipite iende kwenye mapafu. Na mtego huo walioupata ni kitu ambacho kila nyumba yakijua: mkaa.

Mti ulio hai una mirija mingi midogo ipandishayo maji kutoka mizizini hadi majanini. Mti ukichomwa katika tanuri lililofukiwa, pasipo hewa ya kutosha, maji na utomvu huondoka, bali kuta za mirija hubaki zikiwa mkaa. Ndiyo maana mkaa ni mwepesi mkononi, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni nafasi tupu. Lakini mkaa wa jikoni, kama ule wa miwati utokao Njombe, bado una vitundu vilivyoziba. Ili kuutia nguvu, wataalamu huuchoma mara ya pili kwa mvuke wa maji, katika joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Mvuke huo hula sehemu ya mkaa na kuchimba ndani yake vitundu vipya, vidogo mno, vingi vikiwa na upana usiozidi nanometa 2. Mkaa wa namna hiyo huitwa kaboni amilifu, na ulio bora kwa kazi nyingi hutokana na vifuu vya nazi, kwa sababu ni vigumu na vitundu vyake ni vyembamba.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Gramu moja tu ya kaboni hiyo, kama kuta zote za vitundu vyake zingekunjuliwa na kutandazwa chini, ingefunika meta za mraba 1,000 hivi. Uwanja wa mpira wa meta 105 kwa 68 una meta za mraba 7,140. Kwa hiyo vijiko vitatu vya chai vya kaboni vina uso wa ndani upatao uwanja mzima wa mpira. Uwanja huo wote ni mtego.

Nao hunasaje? Chembe za vitu vyote huvutana kidogo zikikaribiana. Chembe ya sumu ikipita katika nafasi pana, mvuto huo hauna nguvu ya kuishika. Lakini ikiingia katika kitundu chembamba, huwa kama mtu apitaye katika uchochoro ambao kuta zake zamgusa mabega yote mawili: huvutwa na ukuta wa huku na ukuta wa huku, ikabanwa, ikatulia. Yafaa tukumbuke jambo moja, kwani tutalihitaji baadaye. Chembe nzito, na zile zigeukazo kuwa maji kwa urahisi, hushikwa sana. Chembe nyepesi, zile ambazo hazigeuki kuwa maji ila katika baridi kali mno, huponyoka. Oksijeni tunayovuta huponyoka, na hiyo ni bahati njema kwetu. Kama isingeponyoka, mwenye kuvaa kinyago angekosa pumzi.

Kama yuko mtu asiyesadiki ya kuwa vitundu vya mkaa vyaweza kunasa kitu kisichoonekana, na aulize watu wa Chunya. Tangu miaka ya 1920 dhahabu imechimbwa katika nchi ya Mto Lupa. Siku hizi mchanga uliosagwa hutiwa katika maji yenye sayanaidi, na dhahabu huyeyuka ikapotea machoni kama chumvi ipoteavyo katika mchuzi. Kisha maji yale hukutanishwa na punje nyeusi ambazo wachimbaji huziita kaboni. Maji hutoka matupu, na dhahabu hubaki imenata ndani ya vitundu vya punje, mpaka itakapotolewa kwa maji ya moto yenye dawa. Punje hizo zina asili moja na zile zilizomo katika kikopo cha kinyago: kwa kawaida ni kaboni ya vifuu vya nazi. Huku zanasa dhahabu, kule zanasa sumu.

Uwezo huu wa mkaa wajulikana tangu zamani. Mwaka 1773 Carl Wilhelm Scheele, mtaalamu aliyefanya kazi yake Uswidi, alionyesha ya kuwa mkaa hufyonza hewa. Mwaka 1854 John Stenhouse alitengeneza mjini London kinyago chenye mkaa kwa watu waliofanya kazi katika harufu mbaya. Lakini watu wengi hawakukijali, mpaka vita vilipowalazimisha.

Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi mingi ya hewa iitwayo klorini. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa zaidi ya mara mbili, nayo ilitambaa chini kama ukungu wa rangi ya kijani na njano, ikajaa katika mahandaki. Askari wengi walikufa kwa kukosa pumzi. Siku zilizofuata, wengine walipewa pamba zilizolowekwa katika maji ya magadi. Dawa hiyo ilisaidia kidogo kwa klorini, kwa kuwa klorini hupigana na magadi ikapoteza ukali wake. Lakini kwa sumu nyingine haikufaa. Mwaka ule ule, huko Urusi, Nikolai Zelinsky alitengeneza kinyago chenye mkaa uliotiwa nguvu. Mwaka 1916 askari wa Uingereza walipewa vinyago vyenye kikopo cha mkaa na dawa nyingine. Mwaka 1918, huko Marekani, hata watoto waliombwa kukusanya kokwa za pichi, tunda limealo hata huku kwetu penye baridi, ili zichomwe kuwa mkaa wa vinyago.

Lakini kabla vita havijakwisha, sumu ya namna nyingine ilitokea. Mwezi Julai 1917 ilitumika gesi ya haradali. Kwa kweli ni matone ya majimaji yatoayo mvuke, nayo haingojei mtu avute pumzi. Hupenya katika nguo na kuiunguza ngozi, ikatoa malengelenge makubwa na kuumiza macho. Kinyago peke yake hakikutosha tena. Ikawa lazima nguo yenyewe iwe mtego.

Jambo hilo halikubaki Ulaya. Mwaka 1925, katika mji wa Geneva, mataifa yalitia sahihi mapatano ya kukataza sumu hizo vitani, na Italia ilikuwa miongoni mwao. Hata hivyo, tangu Desemba 1935, ndege za Italia ziliimwaga gesi ya haradali juu ya watu wa Ethiopia, jirani zetu wa Afrika ya Mashariki. Wengi wa watu wale walikuwa wamevaa shuka za pamba, na miguu yao haikuwa na viatu. Pamba haikuzuia kitu. Iliyanywa matone, ikayashikamanisha na ngozi. Madaktari wa Msalaba Mwekundu waliokuwa huko waliyaona majeraha hayo kwa macho yao. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Baraza la Mataifa mjini Geneva, akaeleza jinsi sumu ilivyonyunyizwa juu ya askari, wanawake, watoto, mifugo na mito. Mapatano mapana zaidi, yanayokataza hata kuunda na kuweka silaha hizo, yalianza kutumika mwaka 1997, na Tanzania ni mmoja wa wanachama wake.

Sasa, nguo ya namna gani yaweza kuzuia sumu kama hiyo? Mtu atajibu upesi, "Na avae mpira mwili mzima." Ni kweli, mpira mnene huzuia kwa muda. Lakini huzuia pia jasho lisitoke. Mtu afanyaye kazi ngumu ndani ya vazi la mpira, hasa katika nchi ya joto, hupandwa na joto la mwili mpaka akaanguka, na joto hilo laweza kumwua kabla ya sumu. Ilitakiwa nguo ipitishayo hewa na jasho, lakini inayonasa sumu. Hapo ndipo vitundu vya mkaa vilipokuja kusaidia.

Kwanza watu walisaga kaboni kuwa unga, wakaigandisha kwa gundi juu ya kitambaa au ndani ya sponji nyembamba, kisha wakaifunika kwa kitambaa kingine. Baadaye viwanda vikatengeneza punje za mviringo za kaboni, kila moja ikibandikwa juu ya kitambaa kwa tone dogo la gundi, ili uso wake mwingi ubaki wazi. Kazi hiyo yataka uangalifu, kwa maana gundi ikizidi huziba vitundu, nayo ikipungua punje hupukutika. Katika miaka ya 1970, wataalamu wa Porton Down nchini Uingereza walipata njia nyingine. Walichukua kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zitokanazo na miti, wakakichoma kwa ustadi pasipo kukiacha kiwe majivu, hata kitambaa kizima kikawa mkaa, nacho bado chakunjika. Hapo hapakuwa na haja ya gundi. Uzi wenyewe ndio uliokuwa na vitundu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Na bado maarifa yanasonga mbele. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, kwa kazi ya kuunda vitu vyenye vitundu kwa mpango maalumu. Ili kuelewa, fikirini nyumba ya fito kabla haijakandikwa udongo. Mafundo ni chembe za madini, kama shaba au zirkoni, na fito ni chembe zenye kaboni zinazounganisha fundo na fundo. Kati yake hubaki vyumba vitupu, vyote sawasawa. Mkaa ni kama pango lililochimbwa na maji, wenye vyumba vikubwa na vidogo ovyo; bali vitu hivi vipya ni kama nyumba ya fundi, ambaye huchagua mwenyewe ukubwa wa chumba. Vingine vina uso wa meta za mraba elfu kadhaa katika gramu moja.

Tena vyumba hivyo vyaweza kufanya zaidi ya kunasa. Mkaa hushika sumu na kuiweka, nayo hubaki ni sumu. Vyumba vyenye zirkoni, vikipata maji, huweza kuzivunja baadhi ya sumu kali za neva zisiwe na nguvu tena. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani walieleza jinsi walivyovipaka juu ya nyuzi za nguo kwa namna ambayo unyevu wa hewani tu watosha kuifanya kazi hiyo. Vitu vingine vya jamii hiyo hunasa klorini au amonia. Gharama yake, na uwezo wake wa kustahimili jasho, jua na kufuliwa, ni mambo ambayo wataalamu wanaendelea kuyachunguza.

Mpaka hapa nimesifu vitundu. Sasa nataka kusema juu ya mipaka yake, na hapa naomba kila mwenye nyumba asikilize vema.

Ile hewa itokayo katika jiko la mkaa huitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ni nyepesi, nayo haigeuki kuwa maji mpaka ipate baridi ya nyuzi 191 chini ya sifuri. Mnakumbuka nilivyosema ya kuwa chembe za namna hiyo huponyoka? Basi kaboni monoksaidi huponyoka. Hupita katika kanga, hupita katika kanga iliyoloweshwa maji, hupita katika barakoa, hupita hata katika kikopo cha kaboni iliyo bora. Hivyo mkaa uwakao hutoa sumu ambayo mkaa wa kinyago hauwezi kuinasa.

Hewa hiyo ikifika katika damu, hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu ipatayo mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Damu hujaa mgeni, na mwenyeji hukosa nafasi. Mtu huona kichwa chauma, kizunguzungu chamjia, moyo wachafuka, viungo vyalegea, kisha usingizi. Aliyelala hapati dalili hata moja ya kumwamsha. Asubuhi majirani huvunja mlango na kukuta watu wa nyumba nzima wamelala wasiamke. Wengine husingizia uchawi, kumbe jiko bado liko katikati ya chumba, limejaa majivu.

Wengi hudanganyika kwa kuwa hungoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo waingize jiko ndani, wakidhani ya kuwa hatari imekwisha pamoja na moshi. La, sivyo. Makaa mekundu pasipo moshi hutoa kaboni monoksaidi nyingi. Moshi ulikuwa ukikuonya kwa kukuwasha macho. Sasa aliyekuwa akikuonya ameondoka, na mwuaji amebaki.

Iko dawa iliyotengenezwa kwa oksaidi za manganizi na shaba ambayo huigeuza kaboni monoksaidi isiwe ile sumu, na vifaa vyenye dawa hiyo hutumika katika migodi ya makaa ya mawe ili wachimbaji wajiokoe panapotokea moto au mlipuko. Lakini ni vifaa vya muda mfupi, vya kukimbilia nje. Nyumbani hapana kitambaa wala kinyago kitakachokuwezesha kulala salama na jiko la mkaa. Dawa yake ni kuliweka jiko nje. Blanketi mbili na mlango salama ni bora kuliko joto la usiku mmoja.

Mpaka wa pili ni huu: kinyago chaweza kuondoa sumu iliyomo hewani, lakini hakiwezi kuleta oksijeni isiyokuwako. Katika wilaya ya Rungwe, karibu na mlima Kyejo, hewa iitwayo kaboni dayoksaidi hutoka ardhini, hata hukusanywa kwa matumizi ya viwandani. Hewa hiyo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa mabondeni na mashimoni. Huko Goma, mashariki ya Kongo, watu huiita mazuku, nayo imewaua watu na wanyama. Hatari kama hiyo ya kukosa oksijeni hupatikana pia katika visima virefu na mashimo ya vyoo. Mtu akishuka humo na kuanguka, wa pili akifunga kitambaa puani na kumfuata, wa pili naye huanguka. Msishuke. Iteni watu wenye vyombo vya kubeba hewa mgongoni.

Mpaka wa tatu ni kwamba kila sumu ina mtego wake. Zebaki ikichomwa Chunya hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, ambao huharibu ubongo na figo. Kaboni ya kawaida huushika kwa unyonge. Hutakiwa kaboni iliyotiwa kiberiti au iodini. Bora zaidi ni kuchomea zebaki katika chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kuupoza mvuke ukarudi kuwa zebaki, nje na mbali na nyumba. Vile vidonge vya fosfidi ya alumini vitiwavyo katika mahindi hupata unyevu vikatoa hewa iitwayo fosfini. Nayo huhitaji kikopo chake maalumu, chenye kaboni iliyotiwa dawa. Asiye na kikopo hicho asivitie mwenyewe, wala mtu yeyote asilale katika nyumba yenye magunia yaliyotiwa vidonge, hata kama yako chumba cha pili. Maana hewa hiyo hupenya katika nyufa na dari.

Tena vitundu hujaa. Kama mtungi ulivyo na ukomo wa maji, ndivyo kaboni ilivyo na ukomo wa sumu. Ikijaa, sumu hupita kana kwamba hapana kitu. Kaboni iliyoachwa wazi hunywa unyevu, moshi na harufu za chumbani hata kabla haijavaliwa. Kwa hiyo mtu asinunue kikopo kikuukuu kilichofunguliwa, wala asikikaushe juani akidhani kimekuwa kipya.

Nanyi wanafunzi, fanyeni jaribio hili dogo. Chukueni makopo mawili yenye vifuniko. Katika kila kopo wekeni kipande cha kitunguu. Katika kopo moja ongezeni vipande vya mkaa mkavu uliosagwa kidogo, ulio baridi kabisa. Funikeni, na kesho mnuse yote mawili. Mtaona ya kuwa katika kopo lenye mkaa harufu imepungua. Ile iliyokosekana imo ndani ya vitundu.

Kabla sijawaaga, yashikeni mambo haya matano:

1. Kitambaa cha kawaida huzuia vumbi. Hakizuii hewa ya sumu, hata kikiloweshwa maji.

2. Kaboni yenye vitundu hunasa sumu nyingi, lakini si zote. Ulizeni kwanza jina la sumu, kisha jina la kikopo.

3. Hapana kinyago cha mkaa kizuiacho hewa ya jiko la mkaa. Jiko lilale nje.

4. Shimoni pasipo na oksijeni, kinyago cha kaboni hakina kazi.

5. Ukimkuta mtu amezimia chumbani penye jiko, usikawie ndani. Fungua mlango na madirisha, mtoe upesi kwenye hewa safi, umpeleke hospitali, ukawaambie waganga ya kuwa palikuwa na jiko la mkaa.

Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari. Usiku huu, kila mmoja wenu kabla hajazima taa na atazame jiko la nyumba yake liko wapi. Kwaherini.